Mwili wa Kusifiwa

Jamaa zangu Wahindi wa Leicester, hapa Uingereza, hasa nyinyi akina mama mnaopima ndoa za watu kwa unene wa viuno, leo nawasema.

Nyumba ya Kanchanben, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ilikuwa na amani. Jumapili ungemkuta jikoni na wake wa wanawe wawili, wanasukuma chapati na kucheka. Urmila, mke wa mkubwa, alikuwa mnene wa kujaza mlango. Bhavna, mke wa mdogo, alikuwa mwembamba, wala hakuwa na neno mpaka wageni walipoanza kuja.

Mbele yao Kanchanben alimshika Urmila mkono na kusema huyu ndiye aliyekula kwangu. Kisha akamgeukia Bhavna na kumtania kwamba mwili haujengwi kwa matofali, hujengwa kwa chakula. Hata mama yake mzazi, akimwona kwenye simu kutoka Rajkot, India, alimuuliza kama mume anamnyima chakula. Bhavna alitabasamu, lakini roho ilimuuma. Kila sifa ya Urmila ilimkaa kooni. Kijicho, jamani, ndicho kilichokuwa ugonjwa wake wa kwanza.

Akaanza kula. Samli kwenye dengu, samli juu ya chapati, vitamu vya ladu kabla ya kulala. Mashavu yakajaa, kitambi kikatoka, na sasa Kanchanben akawa anamshika yeye mkono. Lo, Bhavna alivyotamba! Alimpita Urmila sebuleni kwa madaha, sari kaifunga makusudi ili kitambi kionekane.

Wakati huo Urmila alishakanywa na daktari kuhusu kisukari. Alipunguza wali na sukari, nguo zikaanza kumpwaya. Akamwona Bhavna anamaliza jagi la maji, haishi kwenda chooni, na kidoleni mwa mguu ana kidonda kisichomuuma. Akamwita kando.

"Mdogo wangu, dalili hizi nazijua. Twende ukapime sukari."

"Sema tu roho inakuuma, dada. Sasa nasifiwa mimi."

"Nakwambia kwa kuwa nakupenda."

"Umechujuka, unataka tuchujuke wote. Niachie mwili wangu."

Mama mkwe naye akamuunga mkono Bhavna. Alidai sukari ni ya wazee na mabonge, huyu ndiyo kwanza ananawiri.

Kidonda kikaoza. Bhavna akaanguka bafuni, akapelekwa hospitali, na mguu ukakatwa chini ya goti. Daktari alisema watu wa asili yetu sukari hutuwahi, hata kitambi kikiwa kidogo.

Nilikwenda kumtazama. Kanchanben alikuwa kando ya kitanda na bakuli la halua.

"Kula, mwanangu. Tazama ulivyokonda. Watu watasemaje?"

Bhavna alilisukuma bakuli. Akamtazama Urmila, aliyekuwa amesimama mlangoni, machozi yakamtoka.

"Bado namwonea kijicho," akaniambia. "Sasa ni miguu yake."

FUNZO

Unene si heshima ya mume, na wembamba si aibu ya ukoo. Tuache kuwalisha wake za wanetu ili wageni watusifu. Na mtu akikuonya juu ya mwili wako, usikimbilie kusema ana husuda. Nenda ukapime kwanza, mgombane baadaye.