Kitufe cha Kijivu

"Chai imemwagika," alisema Athanas simuni.

Saa nne na dakika kumi asubuhi. Jovitha Heriel alikuwa kwenye duka la viatu Mtaa wa Msimbazi, akijifanya anajaribu raba, jicho lake likiwa kwenye stoo ya ng'ambo ya barabara. Alivua raba, akavaa viatu vyake.

Kwa wapelelezi wa Idara, maneno yale yalikuwa na maana moja tu. Mtu waliyekuwa wanamlinda alikuwa mbioni kujulikana.

"Nani, Mkuu?"

"Yule wa Boksi la Bluu."

Jovitha alitoka dukani bila kuaga.

Boksi la Bluu ilikuwa blogu. Miezi mitatu sasa mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Upanga, asiyejulikana jina wala sura, alikuwa akiandika habari za sindano feki za malaria zinazoingizwa nchini ndani ya maboksi ya vipodozi. Alikuwa anatoa namba za maboksi. Alikuwa anatoa picha. Watoto wawili walikuwa wamekufa wakiwa wamedungwa maji ya chumvi, na yeye ndiye aliyeandika wa kwanza. Idara ilikuwa inamfuata kimyakimya, boksi kwa boksi, kuelekea kwa mwenye mzigo: mgeni mmoja aliyejiita Dakta.

Sasa Dakta alikuwa anamtafuta mwandishi.

"Tumenasa simu yake," Athanas aliendelea. "Anasema plagini imeanza kusoma. Msichana au mvulana yule akifungua tu blogu yake, wanajua alipo. Seifu ameshatumwa Kariakoo kusubiri."

Seifu. Mtu wa Dakta wa kazi zisizosemwa.

"Plagini ndiyo nini?"

"Hilo ndilo uende ukaniulizie. Chuoni, Upanga. Dakika kumi."

Jovitha aliitazama foleni, akaliacha gari lake, akapanda bodaboda.

* * *

Chumba cha kompyuta kilikuwa ghorofa ya tatu. Kiyoyozi kinakoroma, Dell sita mezani, na binti mmoja mwenye miwani anakula mihogo juu ya karatasi. Jovitha alionyesha kitambulisho. Binti aliacha kutafuna.

"Unaitwa nani, mdogo wangu?"

"Angela. Msaidizi wa blogu za wanafunzi."

"Plagini ni nini? Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

Angela alifuta vidole. "Dada, blogu zote za chuo zinakaa nyumba moja, ndani ya kompyuta kuu moja. Ziko elfu mbili na mia tatu. Kila mwanafunzi anachagua thimu, yaani sura ya blogu yake: rangi, herufi, picha ya juu. Plagini ni kijiprogramu unachochomeka ili blogu ifanye kitu cha ziada. Moja inahesabu wasomaji, nyingine inaleta maoni."

"Ipi imebadilika leo?"

Angela alibonyeza. Akabonyeza tena. Uso ukambadilika.

"Hii ya Wasomaji Wako. Wanafunzi waliililia wenyewe, inawaonyesha wasomaji wao wako nchi gani. Alfajiri imejisasisha, na si sisi tuliyoibadilisha." Alimeza mate. "Sasa haisomi wasomaji. Inamsoma mwenye blogu. Inachukua mahali simu yake ilipo."

"Izime."

"Siwezi."

"Angela."

"Dada, tazama mwenyewe!" Aligeuza skrini. Palikuwa na kitufe kilichoandikwa Zima. Kilikuwa cha kijivu. Alikibonyeza mara nne. Kitufe hakikutikisika. "Mimi naruhusiwa kuona tu. Plagini za nyumba nzima anazizima bosi wangu, Mzee Isidori, peke yake. Hakumpa mtu nywila. Alisema akimpa mmoja, wiki ijayo chuo kizima kinayo."

"Yuko wapi?"

"Hospitalini, hapa jirani. Anafanyiwa upasuaji wa tumbo leo."

Jovitha alitoa redio yake ya Motorola, akamwita mwenzake wa Idara aliyekuwa karibu na hospitali. "Kitwana, nenda chumba cha upasuaji. Mzee Isidori. Nahitaji neno moja tu kutoka kwake."

Dakika tatu. Feni ya kompyuta ilikuwa inalia.

"Nipo mlangoni," Kitwana alisema. "Ameshapewa dawa ya usingizi. Dakika saba zilizopita."

Dakika saba.

"Kata umeme wa hiyo kompyuta kuu," Jovitha alimwambia Angela.

"Haipo hapa. Iko Ulaya, tumepangishwa."

"Wapigie."

"Hawapigiwi. Wanaandikiwa." Angela alikuwa ameshaandika. Alionyesha jibu. *Asante kwa kuwasiliana nasi. Tutakujibu ndani ya saa ishirini na nne.*

"Mwandikie mwenye blogu."

"Nimemwandikia. Anuani ya barua pepe aliyojisajilia ilikufa zamani."

Jovitha alisimama katikati ya chumba. Kiunoni alikuwa na Glock 19 yenye risasi kumi na tano. Mfukoni simu mbili, moja ikisikiliza mazungumzo ya watu umbali wa kilomita kumi. Miaka kumi na moja kazini. Hakuwa amewahi kushindwa na kitufe.

"Kwa hiyo tunafanya nini?" aliuliza, na akaona aibu kusikia sauti yake ilivyotoka.

"Tunaomba asifungue," Angela alisema.

Ramani ya plagini ilikuwa wazi kwenye skrini. Jiji lote lilikuwa limejaa vitone vya kijivu vya blogu zilizolala.

Saa tano kasoro dakika nane, kimoja kikawa chekundu.

Boksi la Bluu. Kariakoo, Mtaa wa Nyamwezi.

"Na wao wanaiona hii?" Jovitha aliuliza.

"Hii hii, Dada."

Simu ya pili ilitetemeka. Athanas. "Dakta amempigia Seifu. Jengo la ghorofa nne, Nyamwezi, maduka ya vitambaa. Seifu yuko mtaa wa pili."

"Nani tunaye pale?"

"Khalfani. Peke yake. Wengine wanne wako Gerezani."

Alimpata Khalfani redioni. Nyuma yake kelele za Kariakoo: mikokoteni, spika ya mnadani, mtu akipiga kelele mzigo upite.

"Niko ndani ya jengo," Khalfani alisema. "Nimtafute nani?"

"Mtu anayeandika kwenye simu."

"Dada Jovitha, hapa kila mtu anaandika kwenye simu."

"Najua."

"Nipige kelele watu watoke?"

"Ukipiga kelele, watakanyagana kwenye ngazi. Na Seifu atajua tupo."

"Basi nifanye nini?"

Kutoka Upanga hadi Nyamwezi, kwa foleni ile, Jovitha angefika kukuta maiti. Alikaa kwenye kiti cha plastiki. Kitone kilikuwa kinapumua, chekundu, kikififia, chekundu.

"Seifu ameingia," Khalfani alinong'ona. "Shati la drafti. Ana kitu chini ya shati."

"Unaweza kumlenga?"

"Siwezi. Kuna mama na mtoto mgongoni mbele yake."

Angela alikuwa analia bila sauti, lakini vidole vyake vilikuwa vinatembea. "Dada. Kuna kitu kimoja naruhusiwa."

"Sema."

"Plagini siwezi. Lakini thimu ni kazi yangu, mimi ndiye nazitunza. Na hii blogu inatumia thimu yetu, Mbalamwezi." Alifungua ukurasa uliojaa maandishi madogo. "Plagini haiishi hewani. Chini kabisa ya thimu kuna mstari mmoja, hapo ndipo plagini zote zinajishikiza. Nikiufuta, zinaanguka. Kitone kinazimika."

Jovitha alisogea. Kisha akatikisa kichwa.

"Kikizimika wakati Seifu yuko ngazini, atajua anachezewa. Atapekua duka kwa duka." Alivuta pumzi. "Unaweza kuiacha ijishikize, ila uipe mahali pa uongo?"

Angela alifuta pua kwa kiganja. "Naweza kuidanganya. Wapi?"

"Gerezani. Stoo tupu nyuma ya gereji kubwa." Aliinua simu iliyokuwa bado hewani. "Mkuu, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Athanas. "Vijana wanakwenda."

Angela aliandika. Alikosea, akafuta, akaandika tena. Akabonyeza Hifadhi.

Kitone hakikuhama.

"Kwa nini?"

"Mpaka aufungue upya ukurasa wake. Ule alionao mkononi ni wa zamani."

"Tumlazimishe."

"Haiwezekani, Dada. Ni yeye tu."

Wakasubiri. Katika mazoezi yote aliyopitia, hakuna aliyemfundisha Jovitha namna ya kusubiri mtu asiyemjua agusishe kidole mahali asipopajua.

"Yuko ghorofa ya pili," Khalfani alisema. "Anaangalia simu, anaangalia watu."

Angela alikuwa anasali, midomo ikicheza.

"Ameingia korido ya vifungo na zipu. Anatembea taratibu. Dada, nimfuate?"

"Mkaribie. Usimguse."

"Kuna mabinti sita hapa. Mungu wangu. Sita, wote na simu."

Kitone chekundu. Kikafifia.

Hakikurudi.

Kisha kikawaka Gerezani.

"Amesimama," Khalfani alisema. "Simu yake inalia."

Athanas aliingia kwenye simu, sauti ya haraka: "Dakta anamfokea. Anamwambia mwandishi amehama, yuko Gerezani, kimbia. Seifu anabisha, anasema hakuna aliyempita."

Sekunde nne. Jovitha alizihesabu.

"Anageuka," Khalfani alisema. "Amempiga kikumbo binti mmoja, amemwaga boksi lake la vifungo. Anashuka ngazi. Ameshuka."

Angela aliweka kichwa mezani, juu ya karatasi ya mihogo.

Seifu alikamatwa saa tano na robo, ndani ya stoo tupu, bastola ikiwa mkononi na simu sikioni. Dakta hakukata ile simu kwa muda, na Idara ikajua alipo. Alikuwa bado anafoka, kwenye chumba cha kupanga cha Upanga, mitaa mitatu kutoka chuoni, watu wa Athanas walipopiga teke mlango. Mezani kwake ramani ilikuwa wazi. Chini ya kitanda palikuwa na maboksi kumi na tisa ya bluu.

* * *

"Blogu zilizobaki?" Jovitha aliuliza.

"Plagini bado inasoma," Angela alisema. "Kitufe ni kile kile. Ila tuna thimu kumi na moja. Nitazifungua moja moja, nifute ule mstari." Alivaa miwani. "Kitwana amesema nini kuhusu Mzee?"

"Bado wanamshona."

Angela aliitikia kwa kichwa, akafungua thimu ya pili.

Jovitha alikwenda Nyamwezi kwa miguu. Alipanda hadi ghorofa ya pili, korido ya vifungo na zipu. Binti mmoja mwenye mtandio wa kijani alikuwa amechuchumaa, anaokota vifungo sakafuni na kuvipanga kwa rangi. Simu yake ilikuwa juu ya meza, kioo kinawaka.

"Karibu dada, zipu?"

"Nimekuja kuangalia tu. Nani amekumwagia?"

"Mbaba mmoja, kama kichaa. Hata pole hakusema." Alisimama, akachukua simu, akaigonga kwa kidole. "Leo siku mbaya. Hata ukurasa wangu wa chuo umevurugika. Nimeufungua upya kwa sababu picha iligoma kupanda, sasa herufi zimehamia upande huu."

Jovitha aliona rangi ya bluu kwenye kioo kile. Akatazama pembeni, kwenye mabunda ya zipu.

"Zulekha!" mwanamke aliita kutoka duka la ndani. "Mteja huyo unampigisha stori?"

"Naam, mama!"

Binti alikuwa na miaka kama ishirini. Kucha fupi, wino kwenye kidole cha shahada. Hakujua chochote. Jovitha alitaka kumwambia ahame, aache kuandika, asiache kuandika. Kila neno lilikuwa zito mno kusemwa kati ya vifungo.

"Mafundi wa chuo wataunyoosha huo ukurasa," alisema. "Mchana utakuwa sawa."

"Dada unasoma pale?"

"Hapana. Nina mtu pale."

Simu yake ilitetemeka. Alishuka ngazi kabla ya kupokea.

"Kazi nzuri," alisema Athanas. "Sasa ninahitaji jina la mwandishi kwa ajili ya faili. Umemwona?"

Nje jua lilikuwa kali. Mchukuzi alipita na mzigo kichwani akiomba njia, na Jovitha akampisha.

"Sijamwona, Mkuu."

"Una hakika?"

"Kariakoo kuna watu wengi."

Alikata simu, akavaa miwani ya jua, akaingia kwenye watu.