Nilivyoingia kwa Wakwe Kasoli

— Mimi wakwe siwaogopi, Luhende. Naingia pale kama naingia dukani kununua chumvi.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia binamu yangu juu ya pikipiki yake, tukitoka kwetu Nyashimo kwenda Kasoli, siku ya pili baada ya Krismasi. Mapajani nina mfuko wa samaki, sato wa kukaanga, kanifungia mama ili nisiende mikono mitupu.

— Mbona unatetemeka, Nova?

— Barabara.

— Lami hii?

Esteria, mpenzi wangu, alishanipigia nikiwa bado kazini Arusha, akaongea taratibu, na akiongea taratibu ujue amekasirika.

— Umenipenda kwa simu vya kutosha. Likizo hii uje kwetu wakuone sura. Usipokuja, usinitafute tena.

Luhende akanishusha madukani.

— Natangulia kwao kuwasalimia wazee, halafu narudi kukusubiri hapa. Wakikufukuza, pitia njia hiihii.

Nikashika kinjia cha katikati ya pamba changa, nikijipanga cha kusema. Mbele nikamwona mama mmoja anakuja na ndoo kichwani. Nilimjua kwa picha: mama yake Esteria! Nikatoa tabasamu lililonigharimu miaka kulifanyia mazoezi, nikanyoosha mkono, nikamsalimia mama kwa Kisukuma.

— Mwadila, mayu! Mimi ndiye Nova wa…

Mama akavuta kanga, akafunika uso. Akaacha njia, akaingia kwenye pamba, akanipa mgongo. Hakujibu hata nusu neno.

Mkono wangu ukabaki hewani kama wa trafiki.

Nikasogea mpaka karibu na mji wao. Nikachungulia: Mzee Mboje, baba yake Esteria, yuko uani ananoa panga. Jamani! Kilichofuata sikukipanga. Nilijikuta nimelala kifudifudi nyuma ya minyaa iliyozunguka zizi, namwandikia Esteria meseji.

"Esta, mambo yameharibika. Mama yako kanikataa. Nimemsalimia, kanigeuzia mgongo."

"Alifunika uso?"

"Ndiyo! Akaingia mpaka kwenye pamba."

Akatuma vicheko mstari mzima. Moyo ukaniuma kweli. Mtu unaachwa, na anayekuacha anacheka.

"Uko wapi?"

"Barabarani. Nimesharudi zangu."

Mbwa wao akaja, akanusa sato, akaanza kubweka. Kichwa cha Esteria kikatokeza juu ya minyaa.

— Na barabara imehamia zizini kwetu tangu lini?

— Esta, usinicheke. Kama hamnitaki, niambieni niende.

Akaona macho yangu, akaacha kucheka. Akachuchumaa.

— Wewe Msukuma wa wapi? Mama mkwe anampa mkono mkwe wake? Wanapishana, hawatazamani. Yule kijana Anatoli alipokuja kunitaka kabla yako, mama alimsalimia vizuri, akampa maziwa, wakapiga soga mpaka jua likazama.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo alikuwa hamtaki! Wewe umekimbiwa. Wewe ni mkwe.

Nilitaka kumkumbatia hapohapo. Akanizuia kwa kidole kifuani.

— Bado baba. Alishasema binti yake haolewi na mwoga. Inuka, na usiseme ulilala hapa.

Nikajikung'uta, nikaingia uani kifua mbele.

— Mwadila, baba.

— Mwadila. Mtoto wa nani?

— Wa Amoni, Nyashimo.

— Mwenzako wa pikipiki kapita kutusalimia, kasema alikushusha muda mrefu. Kutoka madukani mpaka hapa hata mtoto hachoki. Ulikuwa wapi?

Panga bado liko mkononi. Esteria anatazama vidole vya miguu yake.

— Nilisimama pale juu kwenye kichuguu kutafuta mtandao, baba. Kazini walikuwa wananipigia. Mimi si mtu wa kuogopa kuingia kwa wakwe.

— Ulisimama?

— Wima kabisa, baba.

Sauti ikatoka jikoni, nyuma ya ukuta, mwenyewe haonekani.

— Esteria!

— Abee, mayu.

— Mwambie baba yako kwamba mkwe wangu ni mrefu, lakini kusimama sijamwona. Nilirudi kufunga ndama, nikaona viatu vimetokeza chini ya minyaa, visigino juu. Nilitaka kumwambia pale alipolala pana siafu, ila mkwe hasemeshwi. Muulize kama bado wanamuuma.

Mzee Mboje akalitazama shati langu: tope jeusi kuanzia kola mpaka mkanda. Akaliweka panga chini, akacheka mpaka akashika nguzo.

— Kama mama yako kashamwita mkwe, mimi nibishe nini? Esta, mletee kiti. Kama anaweza kukaa.