Kiuno cha Maige

Mwanamume mwongo mimi namnusa angali Tinde, basi lake halijaingia Shinyanga mjini. Ni marehemu mume wangu tu aliyenipita: alikuwa na nyumba nyingine Didia, na chakula cha safari nilimfungia mimi. Kwa hiyo Nyamizi simcheki sana.

Nyamizi alishona nguo barazani kwa Lataben, Mhindi muuza vitambaa, mkabala na stendi. Siku moja ya mnada, watu wakisukumana, mwanamume alijikwaa kwenye mguu wa cherehani akamwangukia mapajani.

“Samahani, dada.”

“Samahani huku umelala? Simama.”

Alisimama Maige, broka wa dhahabu kutoka Geita: shati la maua, viatu vyeupe vilivyoshiba vumbi jekundu la machimboni, mkono mmoja umeshikilia mkanda.

“Suruali inanishuka, fundi. Nipunguzie kiuno.”

“Mnauza dhahabu halafu hamli?”

“Nitakula ukinipikia.”

Mapenzi yakaanzia hapo, kwenye ncha ya futi kamba. Lakini kila Maige alipokuja, suruali ilikuwa inashuka tena, na Nyamizi akapunguza tena. Vidole vyake vikaanza umbeya. Miaka ile ya tisini mtu wa machimboni akikonda, mtaa mzima ulijua ni ule ugonjwa, wala hakuna aliyeutaja.

“Nani anakunyonya huko, mpenzi?”

“Joto la maduara, laazizi. Shimo halina feni.”

Halafu akatoweka. Abiria mmoja akaleta habari kwamba ameonekana uwanja wa ndege Mwanza, ameshikwa mkono na mwanamke wa gauni jekundu.

Wiki zikapita, simu ya dukani ikalia. Lataben aliongea Kigujarati, na katikati Nyamizi akasikia jina la Maige. Akaweka mkasi chini.

“Nipe, mama.” Akashika simu, na upande wa pili akapewa Maige. “Uko na nani?”

“Niko Bombay, hospitali. Nina kansa ya damu, Nyamizi. Lataben ndiye aliyenitafutia daktari.”

“Na gauni jekundu?”

“Dada yangu Asteria. Damu yake ndiyo dawa. Askari wa damu yangu wanapishana na wezi, yaani hiyo kansa, wanasalimiana. Daktari amechuja kwa Asteria chembe fulani chache, si askari wa kawaida. Amezizalisha, amenitia mshipani. Hizo hazingoji amri. Zikiona mwizi zinamshukia.”

“Kama sungusungu wa kulinda kijiji.”

“Hao hao. Ila ni majaribio, tuko wagonjwa wachache.”

“Basi wifi yangu anakesha mwilini mwako. Ukinidanganya tena, atapuliza filimbi.”

Maige alicheka mpaka akakohoa. Nyamizi hakucheka. Alirudi kwenye cherehani akijiuliza kama kansa nayo si jina zuri tu la ule ugonjwa. Lataben aliapa kwa watoto wake, roho ya Nyamizi ikatulia nusu.

Maige alirudi mvua za vuli zilipoanza, kofia kichwani, suti ya kijivu ya Bombay mwilini. Alimwamkia Lataben, kisha akamgeukia fundi.

“Nimepona. Sungusungu wamemaliza kazi. Nitume washenga kwenu?”

“Nani kasema umepona?”

“Pima mwenyewe.”

Nyamizi akazungusha futi. Kiuno kilikuwa kile cha siku ya kwanza, tena kimezidi. Lataben akapiga makofi. Neno “ndiyo” lilishafika mdomoni kwa Nyamizi, lakini vile vidole vyenye umbeya vikagusa kifungo mahali ambapo suruali haina kifungo. Akainua koti.

“Umevaa suruali ngapi?”

“Moja.”

Akaivuta ya ndani kwa ncha ya kidole. Kiunoni ilishonwa uzi mweusi, ikamaliziwa kwa uzi wa bluu, pale mweusi ulipomwishia fundi mwenyewe.

“Hii niliipunguza mimi.”

“Ni baridi,” Maige akasema, jasho likimtiririka chini ya kofia.

“Shinyanga?”

Maige akatazama viatu vyake. “Ningekwambia bado wanapigana humu ndani, ungekubali?”

Nyamizi akabana pini mdomoni, akanyoosha mkono.

“Filimbi imelia, Maige. Vua hiyo ya juu niipunguze. Hutakuja kunioa suruali inakushuka.”