Laki Mbili Alizozificha Kidomo

Kila siku alasiri Kidomo alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akala akiwa amesimama, kisha akaketi kwenye ncha ya meza ndefu ya kukatia vitambaa. Mama yake alikuwa fundi wa mapazia. Kazi aliyompa binti yake ilikuwa kutia pete kwenye mapazia yaliyokwisha kushonwa na kuandika vipimo vya wateja kwenye daftari. Kazi aliyojipa Kidomo mwenyewe ilikuwa kudharau watu, na hiyo aliifanya kwa bidii kuliko ile nyingine.

Jina la Kidomo hakuzaliwa nalo. Alilipata shuleni kwa sababu ya mdomo wake, na badala ya kuona haya akalivaa kama nishani. Mteja akitoka tu, hata hajafika barabarani, Kidomo alikuwa keshaichukua sauti yake.

"'Nishonee tu, dada yangu, fimbo ya kuyatundikia nitatafuta huko mbele,'" aliiga siku moja, akibana pua. Mama mmoja alikuwa ametoka sasa hivi, baada ya kuleta hela ya kitambaa peke yake. "Atayatundika kwa nini? Kwa mate?"

Mama yake alikuwa akipiga pasi bitana. "Acha hizo. Ulimi huo utakuunguza," alisema, lakini mabega yalikuwa yakitikisika kwa kicheko. Na mtoto ukimkanya huku unacheka, umemsifu.

Baadaye zikaja habari kwamba mteja yule ameyatundika mapazia yake kwa kamba ya kuanikia nguo. Kidomo akampa jina la Bi Kamba, na jina likazunguka mtaa mzima.

Hata hivyo kicheko hakijazi kibaba. Mwaka ule kazi zilikuwa chache. Cherehani ya pili ilikuwa imefunikwa shuka tangu mshonaji msaidizi alipoondoka, na mama alikuwa ameshamwambia Kidomo bila kuzunguka: "Mambo yakiendelea hivi, mwisho wa mwaka nafunga. Narudi kiwandani kushona kola za mashati." Kiwandani alikuwa amefanya kazi miaka minane. Alitoka na maumivu ya mgongo na kikombe cha bati chenye nembo ya kampuni.

Ndipo akaja msimamizi wa nyumba mpya ya wageni, mtu mrefu asiyependa kukaa. Alilishika pazia moja, akalipindua, akautazama mshono kwa ndani, kama afanyavyo mtu anayejua anachotafuta.

"Nina vyumba sitini," alisema. "Lakini mimi siamui. Wenye nyumba wanaishi mbali, wao huchagua mafundi kwa kuziona kazi zao mtandaoni. Nipe anwani ya tovuti yako kabla mwezi haujaisha."

"Tovuti sina, baba. Kazi ninayo."

"Kazi kila mtu anasema anayo," akajibu, akaaga.

Mama alikuwa na akiba ya laki tatu. Kidomo naye alikuwa na jirani wa dawati, msichana aliyeitwa Mpole, ambaye mama yake alijenga tovuti za maduka na karakana katika chumba kidogo juu ya duka la dawa. Siku iliyofuata mama hakuweza kuondoka, kwani alikuwa na kazi ya kukabidhi jioni ile ile. Akamwambia Kidomo, "Nenda na mwenzako ukitoka shule. Mwambie mama yake nina laki tatu, wala tusifichane. Aniambie zinatosha kitu gani."

Njia nzima Kidomo alikuwa akiwaza maneno hayo, na kadiri alivyoyawaza ndivyo alivyomwona mama yake mshamba. Nani anamwonyesha fundi mfuko wake? Ukimwambia unazo tatu, anakula tatu.

"Hivi mama yako anauza nini hasa?" alimuuliza Mpole ngazini. "Pazia unalishika. Tovuti unaishika wapi?"

"Muulize mwenyewe," Mpole akasema.

"Namuuliza na risiti yake. Nasikia ni ghali kama daktari wa meno."

Mpole alifungua mlango.

"Shikamoo, mama," Kidomo alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mama hajambo? Haya, bajeti yenu ni kiasi gani?"

"Laki moja," akasema Kidomo, macho makavu.

Mama Mpole aliweka kalamu chini. "Amesema hivyo mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi sikiliza. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka. Nafasi ya kuiweka mtandaoni nayo hulipiwa kila mwaka. Hapo elfu sitini zimekwenda na sijagusa kazi. Zinabaki arobaini. Arobaini haijengi tovuti, na sitaki kuchukua hela ya mama yako nimpe kibanda kisicho na paa. Mwambie aje mwenyewe tuzungumze."

Kidomo alishuka ngazi akisonya. Alipofika nyumbani mama yake aliinua macho kutoka kwenye cherehani. "Amesemaje?"

"Amesema hela yetu haijengi tovuti. Itajenga kibanda kisicho na paa."

Mama aliacha kukanyaga. "Laki tatu nzima haijengi?"

Kidomo alikuwa na nafasi ya kusema. Akaishika pete, akaitia kwenye pazia, akaishika nyingine. Kimya hicho kilikuwa uongo wa pili, na ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

"Watu wana dharau," mama akasema polepole. "Haya. Tutamtafuta mwingine."

Mwingine alikuwa Bei Poa, kijana wa duka la kutoa nakala. Alikuwa na kompyuta moja, miwani ya jua hata ndani ya nyumba, na maneno mengi kuliko wateja. Kidomo ndiye aliyempeleka mama yake huko, akitembea mbele kama aliyegundua kisima.

"Mama yangu, tovuti?" Bei Poa alisema huku akitafuna kijiti. "Hiyo kesho saa nne iko hewani. Laki moja, basi. Hao wengine wanawatisha watu na mahesabu."

"Na picha? Hutakuja kuyaona mapazia yangu?"

"Picha niachie mimi. Wewe kazi yako ni kupokea wateja."

Mtu mzima akikwambia kazi haina maswali, ujue hajawahi kuifanya. Lakini mama alikuwa amechoka na Kidomo alikuwa amefurahi, na laki moja ikatoka. Kesho yake saa nne tovuti ilikuwa hewani kweli. Anwani yake ilikuwa ndefu kama treni, na jina la duka la mama lilikuwa limening'inia mwishoni, nyuma ya jina la kampuni nyingine. Mama alimpelekea msimamizi.

Baada ya siku mbili msimamizi alirudi. Hakusalimia. Aliweka simu juu ya meza ya kukatia.

Juu kabisa ya ukurasa palikuwa na tangazo la dawa ya minyoo. Chini ya minyoo palikuwa na picha ya mapazia mekundu, mazito, mazuri mno.

"Haya umeshona wewe?"

Mama aliinama, akatazama. "Hapana. Sijawahi kuyaona."

"Wenye nyumba wameyaona. Wanayaona kila mwaka. Hiyo ni sebule ya nyumba yao ya kwanza ya wageni, na picha imechukuliwa kwenye tovuti yao wenyewe. Wamenipigia simu wakicheka. Walipomaliza kucheka, wakauliza kwa nini nawaletea mwizi."

"Zimebaki siku tisa," msimamizi akaendelea. "Nimewaomba wasikufute, kwa sababu nimeuona mshono wako kwa macho yangu. Sitaomba mara ya pili."

Alipotoka mama alimpigia Bei Poa. "Mama yangu, kwa laki moja ulitaka nije na kamera?" sauti ikasema simuni, ikitafuna. "Na hilo tangazo ndilo linalolipia nafasi. Ukitaka minyoo iondoke, ongeza hamsini." Kisha ikakatika, na haikupatikana tena.

Mama hakulia. Alianza kukunja utepe wake wa kupimia, taratibu, kidole kwa kidole. "Na yule mwenzake ameikataa laki tatu," alisema kana kwamba anaongea na ukuta. "Kumbe mimi sina thamani popote."

Maneno hayo Kidomo hakuweza kuyavumilia. Angetukanwa yeye, angejibu. Lakini mama yake alikuwa akijidharau mwenyewe kwa kosa lisilo lake.

"Hakuikataa laki tatu," akasema. "Nilimwambia tuna moja. Alisema uende mwenyewe mkazungumze. Sikukuambia."

Mama aliuweka utepe mezani. "Kwa nini?"

"Niliona ukisema kweli atatula."

"Wewe, unayekaa mezani hapa kuwacheka wanaokuja na nusu ya hela," mama alisema, na sauti yake ilikuwa chini kuliko kawaida. "Wao hawana. Wewe ulikuwa nayo ukaificha, ukaja ukaniangalia usoni. Vaa viatu."

Walipanda ngazi za duka la dawa pamoja, na Kidomo ndiye aliyeambiwa aeleze. Alieleza yote, hata maneno aliyoyasema juu ya risiti. Mpole alikuwa pembeni akifanya kazi ya shule na hakuinua kichwa.

"Kwa laki tatu," Mama Mpole alisema baada ya kusikiliza, "ningewajengea kurasa tano, nikaleta na mpiga picha, na akiba ingebaki. Sasa mna mbili. Jina na nafasi, sitini. Kurasa tatu, laki moja. Arobaini inayobaki haitumiki, inakaa. Tovuti ni kama nyumba, kuna siku kitasa kitaharibika. Mpiga picha hatumpati. Picha na maandishi mtaleta wenyewe, baada ya siku nne."

"Picha za mapazia yaliyopo hapa dukani?" mama akauliza.

"Za mapazia yaliyotundikwa, kwenye madirisha ya watu, kwa ruhusa yao. Wenye nyumba wameshaibiwa picha mara moja. Sasa watapiga simu kuuliza."

Hivyo kwa siku nne Kidomo alitembea na simu ya mama na daftari la vipimo, nyumba kwa nyumba, kuwabembeleza watu aliokuwa akiwaiga. Wengine walimpokea. Mwalimu mstaafu alimsimamisha mlangoni nusu saa akimpa mawaidha. Fundi saa alimfungia mlango. Nyumba ya tisa ilikuwa ya Bi Kamba.

"Wewe si ndiye unayeniiga?" Bi Kamba aliuliza kabla ya salamu.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Niigie kwanza. Nisikie mtaa mzima unacheka nini."

Kidomo alisimama pale kibarazani. Akabana pua, akasema ile sentensi ya fimbo. Bi Kamba alisikiliza hadi mwisho bila hata kukunja uso.

"Hujui kuiga," alisema. "Kamba nilitumia miezi miwili, nikaweka hela kidogo kidogo, nikanunua fimbo ya chuma. Nilijua tangu mwanzo kwamba ningefanya hivyo. Hiyo inaitwa kupanga. Ingia, upige picha, uende zako. Na usinikanyagie zulia."

Dirisha la Bi Kamba ndilo lililotoa picha bora kuliko zote. Mwanga ulipita pembeni, mikunjo ikasimama sawasawa, na fimbo ya chuma ikang'aa.

Tovuti ilikwenda hewani siku moja kabla ya muda kwisha. Ilikuwa na kurasa tatu tu: kazi, bei na namna ya kumpata fundi. Anwani ilikuwa jina la mama na neno mapazia, fupi, bila minyoo.

Asubuhi ya siku hiyo, darasani, Kidomo alimwambia Mpole, "Nilimsema vibaya mama yako. Nimekosa."

"Najua. Ulisema nikiwapo," Mpole akajibu. Alipindua ukurasa wa kitabu. "Bado nimekasirika. Wiki ijayo niulize tena."

Jibu la wenye nyumba lilikuja kupitia msimamizi, ambaye safari hii alikubali kuketi. Wangempa mama vyumba thelathini kwanza. Wakiridhika, thelathini vingine vingefuata.

"Wamewapigia simu wateja wako watatu," alisema. "Mmoja amewaambia, 'Fundi hana kasoro. Binti yake ndiye anayehitaji kushonwa mdomo.'"

Mama alicheka kwa sauti. Kidomo aliinamia daftari, masikio yakimuwaka.

Msimamizi alipokwisha kwenda, mama alimwita akae karibu. Alikuwa ameandika kwenye karatasi vitu vyote walivyolipia, na mwisho kabisa ile laki moja ya Bei Poa, ambayo hakuna wa kuirudisha.

"Hii ndiyo ghali kuliko zote," alisema, akiigusa kwa kidole, "kwa sababu haikununua kitu, na nusura iniuze mimi. Mwanangu, bajeti huanza na ukweli, hesabu zinafuata. Sema unacho kiasi gani, unahitaji nini leo, nini kinaweza kungoja, na nini kitadaiwa tena mwakani. Ukimficha fundi mwaminifu hela yako, unamfukuza, na anayebaki ni mwongo mwenzako. Na kazi usiyoijua usiidharau. Uliza kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Jina la tovuti linataka elfu sitini kila mwaka, pamoja na nafasi yake. Ni elfu tano kwa mwezi. Wewe ndiye utakayeiweka kando kila mwisho wa mwezi na kuniandikia. Mwezi wa kwanza ni huu."

Kidomo alichukua kalamu akaandika elfu tano, kisha chini yake, bila kuambiwa, akaandika tarehe.