Ukingo wa Kushoto

Mama Kopi hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara, kompyuta moja na printa mbili, na mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo mpaka lile la kuzaliwa likaota kutu. Ni wifi yangu, kwa hiyo msije mkaniambia nimeyatunga.

Printa zake zilikuwa kama ndugu waliokosana, kila moja na tabia yake. Ile kubwa ilichapa ukurasa wote, kona hadi kona, lakini ikiamua kugoma inagoma kwelikweli. Ile ndogo haikugoma hata siku moja, ila ilikula ukingo wa kushoto, upana wa kidole gumba hivi. Kwa sababu hiyo Mama Kopi hakuchapa kitu moja kwa moja kutoka mtandaoni. Alikisevu kwanza kwenye kompyuta, akakipunguza kama kinakwenda kwenye ndogo, ndipo akabonyeza. Mteja akilalamika kwamba ana haraka, anajibiwa, "Haraka yako, karatasi yangu."

Karatasi zilizoharibika hazikutupwa. Ziliingia kwenye boksi chini ya meza, zikawa mali ya binti yake wa miaka sita. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamemtoka, basi watu wakamwita Kibogoyo, naye anaitika huku akicheka. Kila mchana akitoka shule alikaa sakafuni pamoja na mjukuu wa fundi cherehani wa chumba cha jirani, wakageuza karatasi upande mweupe, wakachora. Kelele zao zilikuwa sehemu ya duka.

Mchana mmoja akaingia mwanamke aliyevaa vizuri, macho mekundu kama mtu aliyeuguza. Hakutazama printa wala bei zilizobandikwa ukutani. Alitazama sakafuni, kwa Kibogoyo, ambaye siku hiyo alikuwa peke yake.

"Kuna picha kwenye barua pepe yangu," alisema. "Nataka kopi moja."

"Karibu, dada. Ifungue hapa."

Akaifungua. Kisha akainama karibu na sikio la Mama Kopi. "Usiisevu. Ichape tu, halafu funga."

"Sawa."

Mama Kopi aliisevu. Hakufanya kwa ubishi, mkono ulijiendea wenyewe. Mazoea yana taabu.

Picha ilikuwa ya mtoto wa kiume ameketi kwenye kiti, ndani ya chumba kitupu. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya paja, na mwingine, wa kulia, ule ulioangukia upande wa kushoto wa picha, umeshika mkono wa kiti. Midomo yake ilikuwa na rangi ileile ya ukuta. Mama Kopi alidhani ni ubaya wa kamera. Printa kubwa ikaitoa safi, nzima, hakuna kilicholiwa.

Mwanamke hakuigusa. "Rangi haijakaa. Siitaki."

"Rangi ndiyo hiyohiyo iliyomo, dada. Nikujaribie kwenye hii nyingine?"

"Basi tu. Mpe huyo mtoto achoree nyuma."

Mama Kopi akampa binti yake. Mwanamke hakuondoka. Alisimama pale mlangoni mpaka Kibogoyo akaigeuza karatasi, akachukua penseli, akachora mstari wa kwanza. Ndipo akashusha pumzi, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Kibogoyo alikuwa anajitazama kwenye kioo. "Mama," akasema, "midomo yangu imekwenda wapi?"

Midomo ilikuwepo. Rangi yake ndiyo iliyoondoka. Daktari akampima damu, akasema damu ni nzuri. Akampima tena, akasema vilevile, akamtazama mama kama vile kosa ni lake. Siku ya pili rangi ikatoka viganjani. Halafu ikaja mistari. Mistari myembamba, myeupe, imekata mashavu, imekata tumbo, imenyooka kama ya ukurasa unaotoka wino ukiwa karibu kwisha. Haikumuuma. Ilikuwa baridi tu, na kila mara Mama Kopi alipoipapasa aliikuta imeongezeka.

Alimlaza kwenye godoro nyuma ya pazia la duka, apate kumwona akiwa kazini. Hapo ndipo alipoikumbuka ile midomo ya rangi ya ukuta. Akaifungua picha aliyoisevu.

Chumba kilikuwa kilekile. Kiti kilekile. Aliyeketi alikuwa Kibogoyo, amevaa sare zake za shule, mkono mmoja pajani na mwingine umeshika kiti.

Alipiga ukelele, fundi akaja mbio, futi ya kupimia bado shingoni. Alikuwa mzee wa maneno machache, aliyebaki na mjukuu mmoja tu baada ya kumzika binti yake. Mama Kopi hakumwonyesha picha. Alimweleza tu jinsi yule mwanamke alivyokuwa.

"Huyo namshonea," fundi akasema. "Anakaa kule kwenye geti la kijani. Nenda, dada. Huyu nitakaa naye mimi." Akaketi kando ya godoro, akashika kipande cha boksi, akaanza kumpepea mtoto.

Nyuma ya geti la kijani kulikuwa na mtoto wa kiume anapiga mpira ukutani, mashavu yamejaa, midomo myekundu. Mama yake alikuwa anaanika nguo. Alipomwona Mama Kopi hakushtuka. Aliweka kibanio kwenye kamba, akasogea akasimama kati yake na mtoto.

"Uliniona nikimpa ile karatasi," Mama Kopi akasema.

"Nilikuona."

"Na wewe ni mama."

"Ndiyo sababu." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida kabisa. "Wangu naye alipewa na mtu. Nilizunguka maduka mengi, dada. Lako ndilo lililokuwa na mtoto mwenye penseli."

Mama Kopi alimchukia. Lakini chuki haikuwa na kazi pale, akaimeza. "Nifanyeje?"

"Uliisevu?"

Mama Kopi akageuka kuutazama mpira unaogonga ukuta.

"Nilikukataza ili isije ikanirudia. Sasa kama unayo, unajua la kufanya. Hapa kwangu huingii nayo." Akarudi kwenye nguo zake.

Njia nzima Mama Kopi alijiambia hatafanya. Aliapa kwa midomo yake. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mkuki ni mtamu kwa nguruwe.

Alipoingia dukani, fundi alisema nyuma ya pazia, taratibu, "Umerudi? Njoo haraka. Amefumba macho, na mkono wake siuhisi."

Hakwenda nyuma ya pazia. Alikwenda kwenye kompyuta. Akaituma picha kwenye printa kubwa. Ikanguruma, ikavuta karatasi, ikaitafuna, ikazima. Akaivuta. Ikachanika. Akaituma kwenye ndogo. Ikatoka.

Mlangoni kukasimama mjukuu wa fundi, begi mgongoni. "Shikamoo, Mama Kopi. Leo hakuna karatasi mbovu?"

Angeweza kusema hakuna. Babu yake mtoto yule alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anampepea mtoto wa mwenzake.

"Marahaba," akasema. "Ipo."

Alimchongea penseli kwa mikono yake mwenyewe.

"Nichore nini?"

"Chochote. Ila fanya upesi."

Akachora nyumba. Paa. Mlango. Alipofika kwenye dirisha, fundi aliita nyuma ya pazia, sauti imejaa machozi. "Ashukuriwe Mungu. Dada, amefumbua macho. Rangi inarudi, njoo uone!"

Mama Kopi alikuwa bado ameshika kipanya cha kompyuta. Aliifuta picha. Akaenda mpaka kwenye pipa la takataka la kompyuta, akaifuta na humo. Ili isimrudie.

Kibogoyo aliamka akaomba chai. Mashavu yalirudi, midomo ikarudi, mistari ikapotea. Mkono wa kulia haukurudi. Kuanzia kwenye kifundo ulikuwa mweupe, baridi, unaning'inia. Mama Kopi akaiokota ile karatasi sakafuni, akaitazama upande wa picha. Alisahau kuipunguza. Printa ndogo ilikuwa imekula ukingo wa kushoto, na kwenye ukingo huo ndipo ulipokuwa mkono ulioshika kiti. Yeye, aliyewaambia wateja wote habari ya ukingo ule. Na picha alikuwa ameshaifuta.

Baada ya siku chache fundi aliingia dukani amembeba mjukuu wake mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala begani. Midomo ilikuwa na rangi ya ukuta. Fundi akatoa simu.

"Nitolee hii fomu ya hospitali, dada. Wanataka kopi mbili." Akatabasamu kwa shida. "Wako alipona. Na wangu atapona."

Mama Kopi akaisevu, akaipunguza, akabonyeza. Kopi mbili zikatoka. Kisha printa ndogo ikanguruma tena, peke yake, ikasukuma nje kipande chembamba cha karatasi, upana wa kidole gumba, kimekatwa kikanyooka.

Fundi ndiye aliyekiokota. Kilikuwa na mkono mdogo wa mtoto, mweusi wa kupendeza, umeshika mkono wa kiti, na kidole kina doa la penseli.

"Huu mkono wa nani?" akauliza.

"Wangu," Kibogoyo akajibu kutoka sakafuni. "Nipe."

Mjukuu wa fundi tulimzika mwezi huohuo. Mama Kopi alifunga duka, na ukimuuliza sababu anakwambia printa ziliharibika. Kile kipande Kibogoyo anakiweka chini ya mto. Siku moja wakati wa kutandika nilikishika kwa mkono wangu huu. Kilikuwa na joto.