Nani Alimuuza Pauline?

Nyundo ya kwanza ilipasua mlango. Ya pili ikatua begani kwa Pauline.

Nilisikia mfupa ukivunjika, wapendwa. Na mimi nimeripoti vita tatu, lakini sauti ile bado inaniamsha!

"Wewe wa kwenye TV, kaa pembeni!" akafoka jamaa aliyefunika uso. "Sijaja kwa ajili yako!"

Nikae pembeni? Nilidaka birika lililokuwa linatokota, nikammwagia shingoni. Akapiga yowe!

Mwenzake akanipiga ngumi ya mdomo. Meno mawili yakatoka. Nikiwa chini, namwona anamkanyaga Pauline mbavuni.

"Si unajua kuongea, bibi? Ongea sasa!"

Ving'ora vikalia. Wakakimbia. Jikoni kulijaa damu na chai.

Naitwa Glenys Ormerod. Miaka ishirini na sita nimewaletea watu wa mji wa Hull, Uingereza, habari za saa kumi na mbili jioni, wakiwa na chipsi zao magotini. Pauline Tranmer yeye ni mpakua chakula wa shule ya msingi. Alimwona Kev Stainforth, mbabe wa mtaa, akimchoma kisu kijana wa watu kituo cha basi.

Walioona walikuwa kumi na zaidi. Wote wakawa vipofu. Pauline peke yake alikubali kuongea.

"Ila nifiche, Glenys. Akinijua, amenimaliza."

"Nakuapia, Pauline. Hata mama yako aliyekuzaa hatakutambua."

Tukamrekodi gizani, sauti tukaibadilisha. Jina lake tulilijua wawili tu: mimi na Des, mpiga picha wangu. Habari ikatoka Jumatatu. Jumanne asubuhi nikaenda kumjulia hali... ndipo nyundo ikaja.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Mimi sikusema. Nani kabaki?

Des! Mpwa wake anakunywa baa ya akina Stainforth kila wikiendi!

Nilimkuta nje ya hospitali alikolazwa Pauline.

"Umemuuza, Des!"

"Glenys, unanijua miaka kumi na tisa."

"Nilidhani nakujua. Nyoka mkubwa wewe!"

Nikamchapa kofi mbele za watu. Hakurudisha. Aliweka kamera chini taratibu, akaondoka. Jioni nikamwambia bosi, na kesho yake Des akasimamishwa kazi. Nilijisikia shujaa, sitawaficha.

Siku ya tatu Inspekta Sowerby akanipigia simu. Yule wa maji ya moto wamemkamata, na ametapika yote.

"Nani aliwapa jina?" nikauliza.

"Hakuna aliyewapa. Stainforth alikuwa anaangalia taarifa yako. Hebu itazame tena, mama."

Ngoja niwaambie kitu cha kazi yetu. Mtu anaongea nusu saa, sisi tunatumia dakika mbili. Pale tulipokata, picha inaruka, kwa hiyo tunaziba kwa picha nyingine. Siku ile Des aliniambia, "Tuchukue pazia tu, inatosha."

Nikamjibu, "Pazia halina uchungu. Nipe mikono yake!"

Sekunde nne tu. Mikono ya Pauline inazungusha kikombe cha chai. Kidole cha shahada hakina ncha, maana mashine ya kukata mkate iliila zamani. Niliitazama mara tano, nikachukua koti kwenda hospitali.

Wodini nilishindwa hata kukaa.

"Pauline... ni mimi. Siyo Des. Ni mimi."

"Najua. Polisi wameshaniambia." Alipumua kwa shida, mbavu zinamuuma. "Uso wangu uliuficha vizuri, mwanangu. Lakini watoto kwenye foleni ya chakula hawamwangalii mtu usoni. Wanaangalia mkono unaopakua. Kev nilimpakulia viazi miaka sita, alipokuwa anasoma pale shuleni."

Nililia pale mpaka nesi akanitoa.

Jioni hiyo nikakaa mbele ya kamera, mdomo una mapengo. Bosi alikuwa anapiga kelele sikioni mwangu, "Glenys, soma kilichoandikwa!" Nikachomoa kile kidude sikioni.

"Shahidi wetu alitolewa kwa wauaji," nikasema, "na mwenzangu Desmond Kirkby akabebeshwa lawama. Hakuhusika. Aliyemtoa ni Glenys Ormerod."

Ndiyo ilikuwa taarifa yangu ya mwisho. Des amerudishwa kazini, ila simu zangu hapokei mpaka leo. Namwelewa kabisa.

Nyani haoni kundule, wapendwa. Mimi sikuishia kutoliona langu. Nilimvisha mwenzangu kosa langu, kisha nikamchapa kofi kwa kosa hilo hilo.