Kamba Iliyolowa Nje

Kila mwaka, katikati ya mwezi wa Machi, familia ya Chinatsu ilifungasha nguo za siku mbili na kupanda treni kutoka Osaka kwenda kwa Bibi, katika mji wa Omi-Hachiman. Na kila mwaka Chinatsu na mdogo wake Goro walipigana ndani ya treni. Safari hii waligombea kiti cha dirishani. Goro, mwenye miaka tisa, aliuma. Chinatsu, mwenye kumi na miwili, alifinya. Walipofika kituoni Goro alikuwa na alama nyekundu shingoni, na alama za meno ya Goro zilikuwa bado zinahesabika kwenye mkono wa dada yake.

"Hamna aibu," Mama alisema.

"Waache, wanafanya mazoezi," Baba alisema. "Jumapili watawaona wakubwa wakipigana, watajua wao bado wanacheza."

Baba hakutania. Katika sikukuu ya mji ule kila mtaa hujenga mnara wa mabua ya mpunga, mrefu kuliko mlango wa ghala, na upande wa mbele hubandikwa mnyama wa mwaka huo kwa kalenda ya kale, aliyetengenezwa kwa vyakula vitupu. Mtaa wa Daraja, mtaa wa Bibi, mwaka huo ulitengeneza jogoo: manyoya ya dagaa wakavu, macho ya maharage meusi, undu wa kichwani wa pilipili nyekundu. Kazi hiyo iliwachukua watu wazima miezi miwili. Kisha Jumapili mchana wanaume hujipaka poda na rangi ya mdomo kama wanawake, hubeba uzuri wote ule mabegani, na kuukimbiza moja kwa moja ukagongane na mnara wa mtaa jirani hadi mmoja uanguke. Jioni minara yote huchomwa moto. Ukimuuliza mwenyeji kwa nini, atakutazama kana kwamba umemuuliza kwa nini watu hula.

Kiongozi wa wabebaji wa Mtaa wa Daraja alikuwa Mjomba Masanobu, kaka yake Mama. Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kelele za mazoezi. Jumamosi asubuhi alimpeleka Chinatsu kwenye ngazi za mawe zinazoshuka hadi mferejini, akamwonyesha bunda la kamba za mabua.

"Kwetu kamba za mbele hulowekwa na mtoto wa nyumba ya kiongozi," alimwambia. "Mwaka huu ni wewe. Zizamishe, weka mawe juu, zikae hadi nimalize kula chakula cha mchana. Mashua ikipita, zitoe, zisije zikanasa kasia. Ikishapita, zirudishe. Kamba ya mabua ikifungwa kavu hukatika. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mjomba."

"Hata ukiganda?"

"Hata nikiganda."

Maji ya mfereji mwezi wa Machi hayana huruma. Mashua ya kwanza ilipita imejaa wageni wenye kamera, Chinatsu akazitoa kamba na kuzirudisha. Ya pili ikapita, akazitoa, akazirudisha, na vidole vikaanza kumuuma hadi kwenye mifupa. Ya tatu ilipokuja alizitoa akazilaza juu ya mawe. Hapo Goro akamwita kutoka darajani. Alikuwa ameshika vijiti viwili vya maandazi ya mchele, yanatoka moshi.

"Njoo kabla sijala na chako."

Chinatsu alizitazama kamba. Nitarudi sasa hivi, alijiambia. Alikula, akaenda kumwangalia jogoo, akacheka na watoto wa mtaani, na sasa hivi yake ikafika saa saba. Alipomwona Mjomba anakuja kwa mbali, alikimbia ngazini, akachota ndoo mbili za maji, akazimwagia zile kamba zilizokwisha kukauka juani.

Mjomba alizishika. Zilikuwa zinachuruzika.

"Zimekaa majini?"

"Asubuhi nzima, Mjomba."

"Mnamwona?" Mjomba aliwaambia wenzake. "Amezaliwa Osaka, lakini damu ni ya hapa."

Walimpigia makofi. Sifa hiyo ndiyo iliyomziba mdomo. Angepigwa kibao labda angesema kweli, lakini sifa ni tamu, nani atake kuitema?

Jumapili asubuhi mnara ulikuwa umesimama mbele ya hekalu, mipiko yake ya kubebea imefungwa kwa zile kamba. Chinatsu alikuwa peke yake karibu nao alipokuja kijana wa Mtaa wa Maghala, mtaa wa wapinzani. Aliitwa Ryuhei, fundi wa mikeka, na kisu cha kukatia mikeka hakikumtoka kiunoni hata siku ya sikukuu. Aliibonyeza kamba ya mbele kwa kidole gumba, akainamisha sikio.

"Hii inalia," alisema. "Kamba iliyokunywa maji hailii. Nani aliloweka?"

"Mimi."

"Ilikaa kutwa?"

"Asubuhi nzima."

Ryuhei alimtazama, kisha akatikisa kichwa. "Haya, dada mdogo. Mpwa wa Masanobu hawezi kudanganya. Mchana tutakuja kumchinja jogoo wenu."

Akaondoka akicheka. Kwa kuwa Chinatsu alikwisha kudanganya mara moja, mara ya pili haikumpa taabu hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

Saa nane mapigano yakaanza. Kelele za "Yare yare!" zilitoka kila upande, vumbi la mabua likatanda, na wanaume wenye midomo myekundu walikimbia wakiwa na tani nzima mabegani. Mtaa wa Daraja uliuvunja mnara wa kwanza kwa mpigo mmoja. Wa pili ulikuwa mkaidi. Waligongana mara tatu, mtu mmoja akapasuka nyusi, mwingine akatema jino, akalitazama na kurudi kwenye mpiko wake. Lakini hata fujo ile ilikuwa na sheria. Mjomba alining'iniza shingoni vibao viwili vya mti mgumu. Vibao vya kiongozi vikilia, kila mtu husimama alipo, hata kama amemkaba mwenzake koo.

Kisha wakasimama mbele ya Mtaa wa Maghala.

"Jogoo wenu ameshapikwa?" Ryuhei aliuliza kutoka upande wa pili.

"Njoo uonje," alijibu Kensaku, mtoto wa Mjomba, kijana wa miaka kumi na tisa aliyebeba mpiko wa mbele.

Wakakimbia. Minara ilipogongana Chinatsu alisikia mlio mwingine chini ya ule mkubwa, mlio mkavu, wa haraka. Kamba ya mbele ilikatika. Mpiko ukaruka ukampiga mtu kifuani. Mnara ukayumba, ukapinda, na jogoo akaanguka kifudifudi juu ya Kensaku.

Walipouinua, mguu wake wa kulia ulikuwa umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Damu ilikuwa imelowesha suruali hadi gotini. Kensaku hakulia; aliuma ukosi wa nguo yake, macho yamemtoka.

"Kamba imekatwa," mtu mmoja alisema.

"Asubuhi nilimwona Ryuhei kwa mbali anaishikashika."

"Na kisu chake hicho hapo."

Hayo matatu yalitosha. Wabebaji wa Daraja walimrukia Ryuhei. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni, ya pili ikampasua juu ya jicho. "Nilishika tu," alisema, "nilitaka..." na teke la tumbo likamkatisha. Wakamburuta kwenye ukingo wa mfereji, mtu mmoja akaikandamiza shingo yake kwenye jiwe. Watu wa Mtaa wa Maghala wakaja mbio kumwokoa, na sasa hawakuja kwa mabega. Walikuja na vipande vya mipiko iliyovunjika. Kina mama wakawavuta watoto nyuma. Mzee mmoja alijaribu kuwatenganisha, akasukumwa chini.

Mjomba Masanobu alikuwa amepiga magoti kando ya mwanawe. Aliuona ule mguu. Akavua vibao shingoni, akavitupa, akaokota kipande cha mpiko kirefu kama yeye na kuelekea mferejini. Uso wake wenye poda haukuwa wa mtu ambaye Chinatsu alimjua.

Ryuhei alikuwa chini, jicho moja limefumba kwa damu. Jicho la pili lilimwona Chinatsu katikati ya miguu ya watu. Angeweza kusema, "Muulizeni yule." Hakusema.

Chinatsu aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alijua akikaa kimya hakuna atakayejua kamwe. Pia aliuona ule mti unapanda juu mikononi mwa Mjomba. Aliviokota vile vibao na kuvigonga kwa nguvu zake zote, mara moja, mbili, tatu, hadi viganja vikamwasha.

Watu wakasimama. Mwili uliozoea kutii hutii hata ukiwa na hasira. Mjomba aligeuka, mti ungali juu.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna aliyekata kamba," Chinatsu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ukimya ulikuwa mkubwa. "Sikuiloweka, Mjomba. Niliitoa majini nikaenda kula. Ulipokuja niliimwagia ndoo mbili tu. Kaka Ryuhei aliniuliza leo asubuhi, nikamdanganya na yeye."

Mjomba alirudi kwenye mnara, mti ukiwa kwapani, akachukua ile kamba iliyokatika, akaipasua kwa vidole. Ndani mabua yalikuwa meupe makavu, yakamwagika kama pumba. Mahali ilipokatika palikuwa na nyuzinyuzi. Kisu hakikupita pale. Kisha akatupa mti, akaenda hadi kwa Ryuhei, akapiga magoti na kugusisha paji la uso kwenye mawe. Mmoja mmoja, wale waliopiga nao wakapiga magoti.

"Niinueni kwanza," Ryuhei alisema kwa mdomo uliovimba. "Mtaniomba msamaha nikiwa nimesimama."

Kensaku aliwekwa vyuma viwili mguuni. Ryuhei alishonwa nyuzi sita juu ya jicho na kupoteza jino la mbele. Jioni ile wengine walikwenda kuitazama minara ikiungua. Chinatsu hakwenda. Alibaki na Bibi jikoni, mbele ya bakuli la wali ambalo hakuligusa.

"Nipige, Bibi," alisema.

"Ili uache kuyafikiria uliyofanya? Sikupigi." Bibi alimsogezea bakuli. "Sikiliza, mjukuu wangu. Miaka sabini nimeona watu wa mji huu wakipasuana vichwa, sijawahi kuogopa, kwa sababu vibao vikilia wanaacha. Leo niliogopa. Ugomvi ulioletwa na uongo hauna vibao. Hauachi mpaka aliyedanganya aseme. Ulichelewa, na mguu wa Kensaku ndiyo gharama ya kuchelewa kwako. Lakini ulisema, na mjomba wako leo si muuaji. Yashike yote mawili, usiache hata moja. Sasa kula."

Jumatatu asubuhi, kabla ya treni, Mjomba alimpeleka Chinatsu kwenye karakana ya mikeka. Ryuhei alikuwa anashona ukingo wa mkeka, uso umevimba upande mmoja. Chinatsu aliinama hadi nywele zikagusa sakafu, akaomba msamaha bila kisingizio chochote. Hakutaja baridi, wala maandazi ya Goro.

"Kwa nini hukunitaja jana?" aliuliza mwishoni.

"Walikuwa na hasira ya kupiga mtu," Ryuhei alisema. "Mimi nina mifupa mikubwa kuliko yako."

Mjomba akakohoa. "Mwakani nitatafuta mtoto mwingine wa kamba. Huyu siwezi kumwamini tena."

"Kama humtaki nipe mimi," Ryuhei alisema. "Aloweke za Mtaa wa Maghala."

"Una wazimu wewe? Baada ya haya?"

"Katika watoto wote wa mji huu, ni yupi anayejua kamba kavu inafanya nini?" Ryuhei alimgeukia Chinatsu, akatabasamu, na pengo la jino likaonekana. "Mtu akikosa akakiri, mpe kazi ileile tena. Vinginevyo atakuwa amejifunza kukosa tu. Utakuja?"

"Nitakuja."

Ndani ya treni ya kurudi Osaka, Goro alikunja ngumi tayari kugombea dirisha. Chinatsu akamwachia. Goro alimtazama kwa mashaka hadi kituo cha tatu.

Machi iliyofuata Chinatsu alikaa kwenye ngazi za mawe tangu asubuhi, akiwa na mabunda mawili badala ya moja, kwa sababu Mjomba Masanobu alikuwa amepita alfajiri, akaweka la kwake karibu na la Maghala na kuondoka bila kusema kitu. Goro alileta maandazi ya moto akamlisha mdomoni, maana mikono ya dada yake ilikuwa majini. Siku hiyo zilipita mashua kumi na saba. Mara kumi na saba alizitoa kamba, na mara kumi na saba akazirudisha.